Mtu na Mto: Shajara ya Mradi wa Picha

Februari, mwanzoni

Mradi umeanza. Nia ni kuandaa ukuta mmoja wa picha kuhusu watu wanaoishi na kufanya kazi kwenye kona moja ya mto: wanaovua, wanaokata matete, wanaolima ukingoni, watoto wanaovuka kwenda shule. Sitaki mandhari tupu, wala sitaki picha za watu ambazo mto umegeuzwa pazia nyuma yao. Nimejiwekea sharti moja: kila picha ionyeshe mahali mtu na maumbile wanapogusana. Mkono ndani ya maji, unyayo kwenye tope, mundu kwenye shina, kivuli cha mti juu ya mgongo wa anayepumzika. Picha isiyo na mguso huo haiingii, hata iwe nzuri namna gani.

Sharti hili limetoka Yosemite. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins aliingia katika bonde hilo la California na kamera kubwa iliyotumia vioo vya takribani sentimita 46 kwa 56. Mizigo ilibebwa na baghala: vioo, dawa, hema la giza. Kila kioo kilipakwa dawa, kikapigwa picha na kusafishwa palepale kabla dawa haijakauka. Picha zilifika mashariki ya Marekani, zikawaonyesha wakubwa bonde ambalo wengi wao hawakuwahi kulitia machoni, na wanahistoria huzihesabu kati ya mambo yaliyosaidia hadi Rais Abraham Lincoln akatia saini sheria ya kulihifadhi, tarehe 30 Juni 1864.

Ni ushindi mkubwa wa kamera, nami nauheshimu. Lakini katika zile picha za mandhari zilizomletea sifa, karibu hakuna binadamu. Kuna maporomoko, majabali, miti na mbuga tulivu. Wenyeji wa bonde, Ahwahneechee, waliishi humo vizazi kwa vizazi, na mwaka 1851, miaka kumi tu kabla ya Watkins, kikosi cha wanamgambo cha Mariposa kiliingia kuwafurusha. Zile mbuga zilizo wazi na ile mialoni iliyosimama kwa nafasi, ambazo mgeni huziona kama bustani iliyojiotea yenyewe, zilitunzwa na watu. Walikuwa wakichoma vichaka kwa mpango ili nyasi na mialoni vipate nafasi. Watkins alipiga picha kazi ya mikono yao, na mikono haimo. Ardhi ikapata mtetezi, waliolea ardhi wakatoweka machoni. Tangu nilipolielewa hilo siwezi tena kuitazama picha ya pori lisilo na mtu bila kuuliza ni nani aliyeondolewa kabla kamera haijawekwa.

Februari, katikati

Nimeanza kupima ukubwa wa mtu ndani ya fremu. Ni jambo linaloonekana la kiufundi, ila humo ndimo msimamo wote wa msanii ulimojificha.

Mchoraji wa China Fan Kuan, aliyefanya kazi mnamo mwaka 1000, alichora mlima unaojaza karibu kitambaa chote cha hariri chenye urefu wa zaidi ya mita 2. Chini kabisa, upande wa kulia, kuna msafara wa wanyama wa mizigo na watu wake, wadogo kiasi kwamba jicho huwapata baadaye sana. Ukishawapata, mlima unakua maradufu. Watu hao hawafanyi lolote la kishujaa, wanapita tu na mizigo yao, na mlima unawaruhusu kupita. Nenda sasa kwa Caspar David Friedrich, Ujerumani, mnamo 1818: mtu mmoja amesimama katikati ya picha, juu ya mwamba, ametupa mgongo, na bahari ya ukungu imetandazwa chini yake. Kwa Fan Kuan mtu yumo ndani ya maumbile. Kwa Friedrich mtu ni mtazamaji, na maumbile ni kitu cha kutazamwa. Naamini kamera nyingi za leo zimerithi kwa Friedrich. Kila anayepanda kilima na kupigwa picha ya mgongo akitazama bonde anarudia mkao uleule.

Nimejaribu mikao yote miwili kwenye mto na hakuna uliokaa. Nikiwa mbali, mvuvi anageuka nukta na kazi yake haionekani. Nikimweka mbele kama shujaa, mto unakuwa jukwaa lake. Kilichokubali ni umbali wa hatua chache, kamera ikiwa chini, usawa wa kiuno, ili maji na mtu vigawane fremu. Lenzi ni moja, isiyovuta. Nikitaka kukaribia, nikaribie kwa miguu.

Machi, mwanzoni

Nimefungua upande wa pili wa mradi, picha zisizotumia kamera kabisa. Njia yenyewe ni sayanotaipu, ile ya buluu, aliyoibuni mwanasayansi John Herschel mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, akaanza kutoa kwa sehemu kitabu chake cha mwani, ambacho huhesabiwa kuwa kitabu cha kwanza duniani kupambwa kwa picha za fotografia. Kilimchukua takribani miaka kumi. Alilaza mwani juu ya karatasi yenye dawa, akaiacha juani, na mmea wenyewe ukaacha umbo lake. Katika historia nzima ya fotografia sijaona mfano wa karibu zaidi wa mtu na mmea kushirikiana kutengeneza picha.

Kazi yenyewe ni hivi. Unayeyusha chumvi mbili za chuma, amonia-feri sitreti na potasiamu ferisianidi, kila moja kwenye chombo chake, kisha unazichanganya kwa kiasi sawa mahali penye mwanga hafifu. Unapaka karatasi kwa brashi. Inakuwa ya manjano yenye ukijani. Ikikauka, unalaza kitu chako juu yake na kuitoa nje. Mwanga wa urujuanimno ulio ndani ya jua hubadilisha chuma kwenye ile dawa, nacho kikikutana na ferisianidi huzaa buluu ya Prussia, rangi isiyoyeyuka kwa maji. Palipofunikwa hapabadiliki, ukiosha, dawa yake inatoka na karatasi inabaki nyeupe. Hakuna haja ya dawa nyingine ya kusafishia. Maji yanatosha, na kwa mradi unaohusu mto sikuweza kupata njia iliyofaa kuliko hii. Maji ya kuoshea nayabeba kwenye ndoo na kuondoka nayo. Hayarudi mtoni.

Mama anayekata matete alikubali kuwa wa kwanza. Nilimtandikia nailoni angavu juu ya karatasi ili dawa isimguse, akaweka matete aliyoyakata asubuhi ileile, na kiganja chake juu ya mashina. Kabla hatujaitoa kivulini akauliza:

"Mwanangu, makovu ya mkono yatatoka?"

"Hayatatoka, Mama. Hii inatoa umbo tu."

"Basi niwekee na mundu. Bila mundu watadhani naokota."

Mundu ukaingia. Tulikaa juani muda mrefu, yeye akinieleza matete yapi hukatwa na yapi huachwa: mabichi yenye shina jembamba huachwa yakomae, yaliyo kwenye mkondo huachwa kabisa kwa sababu ndiyo yanayoshika udongo wa ukingo. Tulipoosha, mundu ulitoka mweupe, makali yake yakionekana mstari mwembamba kama uzi. Majani ya matete hayakuwa meupe kabisa. Jua lilipenya kwenye ncha zake nyembamba zikatoka buluu hafifu, mishipa ikiwa imepangika. Kiganja kilikuwa na ukungu pembeni, hasa kwenye vidole, kwa kuwa mtu hupumua na mkono hufuata pumzi. Katika karatasi moja kuna vitu vitatu vilivyotulia kwa namna tatu tofauti: chuma hakikutikisika, mmea ulitikisika kidogo kwa upepo, mtu alitikisika kwa kuwa hai. Kesho yake buluu ilikuwa imekolea zaidi, kama ilivyo kawaida yake ikipata hewa.

Hii inaingia ukutani. Sina shaka nayo.

Machi, mwishoni

Njia ya miguu inayoteremka majini. Niliipiga picha alfajiri, jua likiwa chini upande wa kushoto, maana ukipiga mchana nyasi zilizolala na zilizosimama zinafanana rangi na njia inapotea. Richard Long aliliona hilo mapema. Mwaka 1967, akiwa bado mwanafunzi, alitembea mbele na nyuma kwenye uwanja wa nyasi huko Uingereza hadi mstari ukaonekana, akaupiga picha, akaondoka. Nyasi zikainuka. Kazi nzima ya sanaa ilikuwa uzito wa mwili wake juu ya majani, na picha ndiyo ushahidi uliobaki.

Ana Mendieta, mzaliwa wa Cuba aliyelelewa Marekani, alikwenda mbali zaidi kati ya 1973 na 1980: aliacha umbo la mwili wake kwenye tope, mchanga, maua, hata moto, huko Iowa na Mexico. Kwangu yeye ni mwalimu kuliko Long. Long anapita, Mendieta analala, na ardhi inamshika. Mtoto aliyezoea mto huu hufanya vilevile bila kufundishwa: anajilaza kwenye tope la ukingoni na kuinuka kutazama alivyotoka. Ninayo picha ya umbo hilo kabla maji hayajalifikia.

Aprili

Mto umepanda na kuingia mashambani. Mashina ya mimea michanga yamefunikwa, ukingo umekatika pale njia ya miguu inaposhukia.

Nimeacha kamera ndani kwa makusudi kwanza, nikaenda kusaidia kubeba vitu. Baadaye ndipo nilipokaa kufikiria. Picha za maafa ya mazingira zina nguvu, na zina hatari. Edward Burtynsky wa Canada hupiga picha za machimbo, madampo na mashamba makubwa akiwa juu, na wakati mwingine uharibifu unatoka kwa rangi na mistari ya kuvutia kiasi kwamba unatamani kuutundika sebuleni. Namtetea kwa sababu moja: kuna vitu ambavyo ukubwa wake hauonekani ukiwa umesimama chini. Shimo la mgodi lenye upana wa kilomita haliingii kwenye jicho la mtu aliye ukingoni mwake. Hata hivyo, kutoka juu huko uso wa mtu haupo, na bila uso hakuna anayeulizwa wala anayejibu. Ndiyo maana mradi huu hautatumia droni, ingawa nimeombwa mara kadhaa.

Aliyenionyesha njia nyingine ni Gideon Mendel, mzaliwa wa Afrika Kusini. Tangu 2007 amekuwa akienda kwenye mafuriko katika nchi mbalimbali na kuwapiga picha watu wakiwa wamesimama ndani ya maji, mara nyingi kwenye nyumba zao wenyewe, wakitazama kamera moja kwa moja. Maji yako kiunoni au kifuani. Wanasimama wima. Tajiri na maskini, bara hili na lile, kimo cha maji kinawasawazisha, ila ukiangalia kuta na samani nyuma yao unajua mara moja nani atajenga tena na nani hatajenga.

Nilimwendea mkulima ambaye kitalu chake kilikuwa kimefunikwa, nikamweleza ninachotaka na kwa nini. Alifikiri, akasema hapana. Hataki kuonekana siku aliyoshindwa. Nikamshukuru, tukaendelea kuhamisha miche. Jirani yake alikubali, akachagua mwenyewe pa kusimama: kwenye kona ambako tuta lake la juu kabisa bado lilionekana sentimita chache juu ya maji. Nilikuwa nimefikiria mahali pengine. Pale alipochagua ni bora zaidi, kwa kuwa tuta lile linasema alijua mto unaweza kuja na alijiandaa.

Mei

Mvuvi na korongo wake. Nasema wake, naye hulikataa neno hilo. Kila anapovuta wavu ndege huyu husimama kwenye gogo lilelile akingoja dagaa wadogo wanaotupwa.

"Hanijui mimi," aliniambia mzee. "Anaijua saa yangu."

Nimeiandika sentensi hiyo ukutani kwangu, maana picha nyingi za wanyama hushindwa hapo hasa: zinawabebesha wanyama mapenzi ambayo hawajayaonyesha. Nilipanga picha ifuate maneno ya mzee. Wavu unatoka majini, mikono ina maji, na korongo yuko upande wa pili wa fremu, jicho likiwa kwenye wavu, siyo kwenye uso wa mtu. Ili ndege asishtuke nilikuwa nikienda kukaa bila kamera hadi akaacha kunihesabu.

Mpiga picha Nick Brandt amefanya jambo linalonifikirisha sana. Katika kazi aliyoipiga Kenya na Zimbabwe na kuitoa mwaka 2021, aliweka ndani ya fremu moja, kwa wakati mmoja, watu walioathirika na mabadiliko ya tabianchi kama ukame na mafuriko, na wanyama waliookolewa wanaoishi kwenye hifadhi maalumu, wengi wakiwa hawawezi tena kurudi porini. Ukungu wa kutengenezwa umewafunika wote. Hawatazamani. Wanakaa pamoja kama waliopoteza makao yaleyale. Wapo wanaosema ni picha za kupangwa mno. Mimi naona kupangwa kwake ni uaminifu, kwa sababu hakudai kwamba alikuta tukio. Alijenga mahali pa kukalia na akawaalika.

Kisha kuna Sudan, kifaru mweupe dume wa mwisho wa kundi la kaskazini, aliyekufa Ol Pejeta, Kenya, tarehe 19 Machi 2018, akabakiza majike mawili, Najin na Fatu. Ami Vitale alipiga picha ya mlinzi wake akiwa amemwinamia kumuaga. Hapo mapenzi yapo, na yanaonekana, kwa sababu yalijengwa kwa kazi ya kila siku: kulisha, kusafisha, kulinda usiku. Nikijiuliza mguso ni nini, picha hiyo ndiyo kipimo changu.

Juni

Maji yamerudi. Pale ukingo ulipokatika pamebaki ukuta wa udongo mwekundu, mizizi ikining'inia.

Swali la mwezi huu: je, mradi wa picha unaweza kuishia kwenye kuonyesha? Wapo wasanii waliokataa kuishia hapo. Mwaka 1982 Agnes Denes alipanda ngano kwenye ekari 2 za kifusi upande wa kusini wa Manhattan, karibu na majengo ya fedha, akaitunza na kuivuna Agosti. Mwaka huohuo, huko Kassel, Ujerumani, Joseph Beuys alianza kupanda miti 7,000, kila mti ukisimama na nguzo ya jiwe la basalti kando yake. Mawe yote yalirundikwa kwanza mbele ya jumba la makumbusho, na kila mti ulipopandwa jiwe moja liliondoka kwenye rundo. Watu wa mji walipima maendeleo kwa kuona rundo linavyopungua. Beuys alifariki 1986. Mti wa mwisho ulipandwa mwaka uliofuata na mwanawe. Na Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil, alirudi na mkewe Lélia kwenye shamba la familia lililokuwa limechakaa, wakaanzisha Instituto Terra mwaka 1998 na kuanza kurudisha msitu. Alipiga picha za maumbile kwa upya baada ya kuwa ameshapanda miti, na nadhani mpangilio huo unaonekana katika picha zenyewe.

Sina uwezo wa Beuys, lakini rundo lake limenipa wazo. Yule Mama wa matete aliposema tangu Machi kwamba matete ya kwenye mkondo ndiyo yanayoshika udongo, alikuwa tayari ametupa dawa ya ule ukingo. Tumezungumza na wanaoutumia mto, wamekubali kuhamishia hapo machipukizi kutoka upande wa juu, yeye akionyesha ya kuchukua na ya kuacha. Wa kwanza kujitolea alikuwa mkulima aliyekataa picha.

Nami nimechimbia kigingi cha chuma upande wa pili wa mto, kiwe mahali pa kudumu pa kamera. Nimechora alama ya kimo na mwelekeo wa lenzi, ili yeyote atakayeshika kamera baadaye apige picha ileile. Njia hii nimeichukua kwa mpiga picha James Balog, ambaye mwaka 2007 alianzisha mradi wa kufunga kamera zinazopiga picha zenyewe mbele ya mito ya barafu, mwaka baada ya mwaka, hadi kurudi nyuma kwa barafu kukaonekana kwa macho. Yeye alirekodi kuondoka. Kigingi chetu kinangoja kuona kama kitu kitashika.

Julai

Mpangilio wa ukuta umekamilika isipokuwa nafasi moja ya kulia kabisa, niliyoiacha wazi kwa picha za kigingi. Zitabadilishwa kadiri matete yanavyokua au yanavyokufa. Yakifa, picha itatundikwa vilevile.

Kila aliyepigwa picha amepata nakala yake, na nimeanza kuwasomea maelezo yatakayokaa chini ya picha kabla sijayachapa. Mama ameomba kwenye ile ya buluu iandikwe kazi yake kwanza, kisha jina. Mzee mvuvi ameniondolea neno "rafiki" kwenye maelezo ya korongo. Mkulima hana picha, ila amesema jina lake linaweza kuwekwa kwenye orodha ya waliopanda, na nimeliweka. Bado jirani yake, aliye safarini. Picha ya kwenye maji haitachapwa kwa ukubwa wa ukutani mpaka aisikie sentensi yake.